Ukurasa wa Mteremko

Jumatano, 13 Novemba
Mvua ya kwanza imeshuka leo saa tisa alasiri. Ilianza na upepo wa baridi kutoka upande wa milima, kisha mabati ya duka yakapiga kelele hadi mteja akalazimika kuniandikia kwenye karatasi alichotaka. Alitaka nakala mbili za cheti. Nimeamua kuandika daftari hili mpaka mvua zitakapokwisha, kwa sababu msimu uliopita nilijiuliza mwezi Mei nilikuwa nikifanya nini tangu Krismasi, na sikukumbuka.

Basi, kwa atakayesoma baada yangu: naitwa Hellena, nina miaka thelathini na mmoja, naishi Sumbawanga na Mama na kaka yangu Raymond. Asubuhi mpaka jioni niko kwenye duka langu la steshenari, natoa kopi na kupiga picha za pasipoti. Kati ya mteja na mteja naandika programu. Inaitwa Kibao. Mtu mwenye simu tu anaweza kuitumia kuweka ukurasa wake mtandaoni: matangazo, ratiba, habari. Niliianza miaka sita iliyopita kwa ajili ya kwaya ya Mama. Ni programu huria; yeyote anaichukua, anaitumia, anaifungua ndani na kuibadilisha apendavyo. Wanaoitumia ni wangapi, sijui. Niliitengeneza isimfuatilie mtu.

Ijumaa, 22 Novemba
Mahindi yameota. Baridi. Nimeuza rimu nne.

Jumanne, 3 Desemba
Yule K. wa Muze, mtumiaji mmoja wa Kibao, ameandika tena. Huyu bwana ananichosha. Mwezi uliopita: "Maandishi yako madogo. Mtu mwenye miwani iliyovunjika atasomaje?" Wiki iliyopita: "Ukurasa unachelewa. Mtu amekaa anasubiri injini inawaka." Leo: "Kitufe cha kufuta kiko karibu na kitufe cha kutuma. Nani aliweka hivyo?"

Mimi ndiye niliyeweka hivyo. Nimemjibu kama kawaida: "Asante, nitaangalia."

Nilifungua ukurasa wake nione anachokifanya hasa. Unaitwa Mteremko Leo. Hauna picha wala rangi. Ni saa na neno moja, saa na neno moja, kutoka juu mpaka chini: Inapitika. Inapitika. Taratibu. Inapitika. Nikajua ni mtu anayejaribu jaribu tu.

Jumanne, 24 Desemba
Radi imepiga karibu na sokoni, ikaunguza kifaa changu cha intaneti. Kimetoa moshi mwembamba kama wa ubani. Mama anasema nimshukuru Mungu sikuwa nimekishika. Nimemshukuru.

Alhamisi, 26 Desemba
Nimesikia jambo ambalo bado linanizunguka kichwani.

Raymond anaendesha Fuso. Anashuka Muze kuchukua mpunga wa bondeni na kuupandisha huku. Kati ya huku na kule kuna Lyamba, ule ukingo wa uwanda wetu, ambapo ardhi ya Ufipa inakatika ghafla na barabara inateremka kwa kona mpaka bonde la Ziwa Rukwa. Wakati wa mvua ni udongo mwekundu, ukungu na korongo.

Tulikuwa tunakula, akatoa simu, akaangalia, akairudisha mfukoni. Mama akamuuliza kama ana mchumba mpya.

"Hapana, Mama. Naangalia mteremko kama unapitika kesho."

Nikamwomba simu. Ulikuwa ukurasa wa K. wa Muze.

"Unausoma huu?" nikamuuliza.

"Nani asiyeusoma? Dereva yeyote wa Muze hawashi gari kabla hajausoma. Ukisema imefungwa, tunalala juu. Ukisema taratibu, tunapunguza mzigo." Akaniangalia. "Kwani hujui? Chini kabisa pameandikwa Kibao. Sisi tulidhani ni wewe umempangia."

Sikumpangia mtu chochote. Nilikaa na kijiko mkononi. Lile neno moja nililolidharau, kila siku wanaume wenye magari ya tani nane wanalisoma kisha wanaamua kama watashuka au la. Na limeandikwa juu ya kitu nilichokitengeneza mimi kati ya kopi ya cheti na kopi ya cheti.

Alhamisi, 9 Januari
Nimeongeza ukubwa wa maandishi. Kitufe cha kufuta nimekihamishia mbali. K. hajasema asante. Ameandika: "Sasa afadhali."

Jumatatu, 27 Januari
Mvua siku ya tano. Umeme hakuna. Mama amepika ugali wa ulezi na migebuka mikavu, samaki wa ziwani kutoka Kasanga. Nimekula mpaka nikaona aibu.

Jumanne, 11 Februari
Leo nimetoa Toleo la Nne. Miezi saba ya kazi! Sasa ukurasa wa Kibao ukishafunguliwa mara moja, simu inauhifadhi, na unaweza kuusoma hata pasipo na mtandao, bila kula bando. Niliwaza wale madereva walio juu ya Lyamba, simu zikipata mtandao na kuupoteza. Niliwaza nimewapa zawadi.

Alhamisi, 13 Februari
K. wa Muze: "Toleo jipya linaonyesha ya jana. Angalia haraka."

Duka limejaa wanafunzi na fomu zao. Nimejibu: "Asante, nitaangalia."

Alhamisi, 20 Februari
Naandika leo yaliyotokea jana.

Mvua ilikuwa imenyesha siku tatu bila kupumzika. Jana nilifungua duka saa moja na nusu asubuhi, nikawasha kompyuta, na kwa mazoea niliyoyapata tangu Krismasi nikatazama Mteremko Leo moja kwa moja kwenye seva. Saa kumi na mbili: Taratibu. Saa kumi na mbili na dakika arobaini: IMEFUNGWA. KONA YA SITA NUSU YA BARABARA IMEKWENDA.

Nikampigia Raymond nimwambie asitoke. Hapatikani. Nikampigia Mama.

"Ametoka saa moja," Mama akasema. "Amebeba na abiria, watu wa msiba. Aliangalia simu yake hapa hapa mlangoni, akasema wanakwenda taratibu."

Nilichukua simu yangu nikafungua ukurasa ule ule. Taratibu. Nikafunga, nikafungua tena. Taratibu. Kwenye kompyuta IMEFUNGWA, kwenye simu Taratibu, vyote viko mezani pangu, vimekaribiana kama kikombe na sahani yake.

Hapo nikaelewa. Simu ilikuwa inatoa ukurasa uliohifadhiwa na haikusema kwamba ni wa zamani. Ndicho alichoniambia K. siku sita kabla. Na mimi nilisema nitaangalia.

Chini ya ukurasa wake kuna namba. Sikuwahi kuipiga. Niliipiga, ikaita mara nyingi, kisha ikapokewa na sauti ya mwanamke, mtu mzima, na nyuma yake mvua.

"Haloo, nani?"

"Shikamoo, mama. Naitwa Hellena, niko Sumbawanga. Mimi ndiye ninayetengeneza Kibao."

"Marahaba. Ndiyo wewe?"

"Ndiyo mama. Kuna Fuso inakuja huko, nyeupe, ina watu. Simu zao zinawaonyesha ya saa kumi na mbili. Hawajui kama imefungwa."

Nilisikia mvua ya bondeni, nzito kuliko yetu.

"Imetoka saa ngapi?"

"Saa moja."

"Kwa tope hili haijafika ukingoni. Sikiliza, binti. Mimi napanda. Wewe nenda juu uzuie wengine. Usisimame kwenye kona, watakugonga. Simama pale panapoonekana kwa mbali."

Akakata.

Sikujua anapanda nini, wala kwa njia gani, kama barabara imekatika. Nilichukua manila nyekundu tatu, zile wanazonunua walimu, nikaandika IMEFUNGWA kwa kalamu nene, nikazifunika kwa nailoni, nikatoka. Cleophas wa bodaboda alikuwa amejikunyata chini ya kibaraza. Nilimwambia ninakokwenda, akanitazama, akatazama mbingu, akasema, "Panda."

Sitaweza kueleza safari ile. Tulianguka mara mbili. Tulipofika pale barabara inapoanza kuinama, hapakuwa na Fuso. Palikuwa na alama za matairi yake, mpya, zimejaa maji, zinaingia kwenye ukungu.

Nilitaka kushuka kumfuata. Cleophas akanishika mkono. "Dada, umeambiwa usimame hapa."

Nikasimama, manila nimeinyanyua kwa mikono miwili. Gari la kwanza lilikuwa Noah. Dereva akashusha kioo, akanionyesha simu yake. "Mbona hapa wameandika taratibu?"

"Hiyo ni ya alfajiri. Kosa ni langu."

"Lako vipi?"

"Mimi ndiye niliyetengeneza hicho unachokisoma. Kina kosa. Usishuke."

Nilisema maneno hayo kwa magari saba. Kila mara yalikuwa mazito vile vile. Rangi ya manila ya kwanza ilipita kwenye nailoni ikanitiririkia mikononi, nikachukua ya pili. Hakuna aliyenitukana. Walizima injini wakakaa, na mmoja akanipa koti lake.

Saa tano kasoro hivi watu walianza kutoka kwenye ukungu kwa miguu. Wanawake wawili wenye mabegi kichwani. Mzee na mjukuu. Halafu Raymond, matope mpaka kifuani, anatembea kama mtu aliyetoka kitandani baada ya homa. Nilimshika, nikamshika tena. Nyuma yake alikuja mwanamke mfupi wa miaka sitini na kitu, peku, ndala zake mkononi, kanga imeganda mwilini kwa mvua. Alikuwa anahema, lakini taratibu, kama anayehesabu.

Raymond ndiye aliyesimulia. Alikuwa ameshapita kona ya tano, haoni zaidi ya hatua kumi, mara akaona mtu katikati ya barabara ametanua mikono. Akakanyaga breki. Gari likateleza kwanza, likaserereka na tani zake zote, likasimama mtu yule akiwa anaweza kuligusa kwa mkono. Na hakuwa amesogea.

"Nilishuka nimtukane," Raymond alisema. "Akaniambia, njoo uone. Tukatembea kidogo. Nikaona vichwa vya miti. Dada, vichwa vya miti, pale ambapo jana nilipita na matairi."

Yule mwanamke alikuwa amepanda Lyamba kutoka chini kabisa kwa njia ya zamani ya miguu, ile ya kabla ya barabara, akashika majani na mizizi, akazunguka juu ya poromoko, akashukia upande wa pili. Chini ya saa moja na nusu, katika mvua ile.

Nilikwenda mbele yake, nikapiga goti kwenye tope. "Shikamoo, mama."

"Marahaba." Alinitazama kutoka miguuni mpaka usoni, akaona mikono yangu myekundu kwa manila. "Kumbe ni wewe unayejibu nitaangalia."

Jumamosi, 22 Februari
Anaitwa Kristiana. K. wa Muze ni Mama Kristiana, anauza chai na vitumbua pale mteremko unapoishia. Kabla ya chai alikuwa kibarua wa barabara kwa miaka kumi na tisa, mmoja wa wanawake waliokuwa wakibeba mawe na kuzibua mitaro. Kila kona anaijua. Madereva walikuwa wakimuuliza kila asubuhi hali ikoje, akachoka kujibu mmoja mmoja, ndipo katekista wa parokia yao akamfungulia ukurasa. Na mimi nilimwita bwana anayenichosha.

Nimeliondoa Toleo la Nne. Kisha nimeandika tangazo kwa watu wote wanaotumia Kibao, popote walipo. Nimeeleza kosa, na kwamba nilionywa tarehe kumi na tatu nikapuuza, na kwamba watu kumi na mmoja walikuwa ndani ya gari. Nilitaka kuongeza kwamba nilikuwa na kazi nyingi dukani. Nimeifuta sentensi hiyo.

Jumapili, 23 Februari
Baada ya misa nilimwambia Mama kwamba naacha. Nitabaki na kopi na picha za pasipoti.

Mama alinisikiliza mpaka tulipofika nyumbani. Kisha akasema, "Ukiacha, yule mama ataandika wapi kesho asubuhi?"

Jumatatu, 24 Februari
Nilitegemea matusi. Zimekuja barua pepe ishirini na sita.

Ya kwanza inatoka kisiwa kimoja cha Ufilipino. Mwanamke anaandika kama kivuko kitaondoka au bahari imechafuka. Nyingine inatoka kaskazini ya mbali kabisa, mahali ambapo ziwa huganda na watu hupitisha magari juu ya barafu. Mwalimu mmoja hupima unene wake kila asubuhi na kuuandika kwenye Kibao. Magari juu ya ziwa! Nimeisoma mara tatu nikidhani sijaelewa. Wote wanasema wameona ukurasa wa zamani ukijifanya mpya, na wameliondoa toleo lile. Wote wanauliza habari za kaka yangu.

Nilikuwa nadhani nimetengeneza ubao wa matangazo ya kwaya. Leo nimekaa dukani nikitazama watu wanaopita na miavuli, nikajiona mdogo, si kwa aibu, ila kama mtu anavyojiona akisimama ukingoni mwa Lyamba ukungu unapofunguka na bonde lote likaonekana kwa mara moja.

Jumanne, 25 Februari
Barua ya ishirini na saba. Eliseo Mamani, Bolivia, mwalimu wa shule ya msingi milimani. Ameandika kwa Kihispania, mashine ikamtafsiria kwa Kiswahili, kwa hiyo inaanza hivi: "Mheshimiwa Bibi Kibao, barabara yangu pia inaanguka kutoka mlima."

Oktoba, nilipotoa toleo la majaribio, alilichukua, akaliona kosa wiki ya kwanza, akalitengeneza mwenyewe. Limekuwa likifanya kazi kwake miezi minne. Hakunitumia kwa sababu alidhani Kibao ni ya kampuni kubwa yenye wataalamu mia, na aliona haya mwalimu wa kijijini kuwasahihisha. Aliposoma kwamba ni mimi na duka langu, alilia, anasema. Akaambatanisha kazi yake yote.

Nimeifungua. Ni mistari arobaini tu. Kila ukurasa unabeba umri wake juu kabisa kwa maandishi makubwa: habari hii ina dakika ishirini, ina saa mbili. Mwenye ukurasa anapanga habari yake iishi muda gani. Muda huo ukipita na simu haijapata mpya, maneno yote yanafunikwa, linabaki neno moja: Sijui.

Miezi saba nilikuwa naifundisha Kibao isinyamaze kamwe. Mtu ambaye sijawahi kumwona, upande wa pili wa dunia, aliifundisha kusema haijui.

Alhamisi, 6 Machi
Mama Kristiana anajaribu kila badiliko kabla sijalitoa. Nampigia saa kumi jioni, chai ikiwa imepungua.

"Habari ya mvua iishi saa ngapi, mama?"

"Saa mbili. Ikinyesha usiku kucha, saa moja."

"Na kiangazi?"

"Kiangazi wataniona mwenyewe, nimekaa hapa."

Jumatano, 19 Machi
Mama ameuliza kama Eliseo ana mke. Anaye, na watoto wanne. Mama akasema basi amsalimie mkewe. Nimemsalimia.

Ijumaa, 28 Machi
Toleo la Nne limetoka upya. Kwenye orodha ya watengenezaji, ambayo kwa miaka sita ilikuwa na jina langu peke yake, sasa yapo majina matatu. Mama Kristiana amegoma kwanza, akasema yeye hajui kompyuta. Nikamwambia hakuna aliyegundua makosa mengi kuliko yeye. Akasema basi niandike jina lote, Kristiana, siyo K.

Jumamosi, 12 Aprili
Mvua zimepungua. Kona ya sita imejengwa kwa mawe, na jana wakaifungua kwa magari madogo. Nililala Muze kwa Mama Kristiana, katika joto ambalo sisi wa juu hatulijui, na asubuhi nikamwomba anifundishe anavyofanya. Nilidhani anatazama kutoka chini na kuandika.

"Tunapanda," akasema, akavua ndala.

Hivyo ndivyo anavyofanya. Baada ya kila mvua kubwa anaipanda yote kwa miguu. Wakati madereva wanasoma neno moja, yeye ameshalitembea. Kwenye kila kona alisimama, akakanyaga ukingo kwa kisigino, akasikiliza. "Hii inatoa maji chini, unasikia?" Sikusikia. Akanirudisha, akanikanyagisha tena mpaka nikasikia, mlio mdogo kama mtu anameza. "Hiyo si mbaya. Ikinyamaza ndiyo mbaya, maji yamepata njia nyingine." Kwenye kona ya sita alinionyesha chini kwa kidole. Nilichungulia. Vichwa vya miti vilikuwa pale pale chini, vimetulia, na mbali zaidi Ziwa Rukwa likiwaka jeupe mpaka macho yakauma.

Karibu na juu, simu ilipopata mtandao, aliitoa, akaifuta kwa kanga, akanipa.

"Leo andika wewe."

"Mama, mimi siwezi."

"Umekanyaga kona zote?"

"Nimekanyaga."

"Umeona nini?"

Nilimwambia nilichokiona, kona moja moja. Alinisahihisha ya tatu. Kisha nikaandika, vidole vikiwa na tope: Saa nne na nusu. Taratibu kona ya tatu. Inapitika. Nikabonyeza tuma.

Juu yetu, nyuma ya miti, pale nilipowahi kusimama na manila, injini moja ikawaka. Ikafuata ya pili. Halafu nyingi kwa pamoja, magari ambayo sikuyaona, ya watu wasionijua, yakaanza kushuka.

Nilitaka kukimbia niwaambie wasubiri, nirudi niangalie tena. Mama Kristiana akanivuta taratibu pembeni mwa barabara, nao wakapita.